Rejista ya Watu Arobaini na Watatu

Jumanne saa nne asubuhi, walinzi wa shamba walipoinua godoro la Joab Oketch, walikuta chini yake watu arobaini na watatu.

Watu hao walikuwa ndani ya rejista ya mahudhurio, ile ndefu yenye jalada jeusi ambayo kampuni iliacha kuitumia mashine za mkononi zilipokuja. Kila mmoja alikuwa na namba, jina, na alama zake za kuja na kutokuja, kuanzia Januari hadi Septemba, kwa mwandiko wa Joab ambao shamba zima liliujua kwa unadhifu wake. Na wiki yenyewe ilikuwa mbaya. Siku moja kabla, wakaguzi kutoka makao makuu walikuwa wamegundua kwamba katika shamba hilo kuna watu wanne wanaopokea mshahara na hakuna aliyewahi kuwaona wakichuma hata jani moja la chai. Nyumba za makarani wote zikapekuliwa. Walikuwa wanatafuta wafanyakazi hewa wanne, wakapata arobaini na watatu.

"Karani, hii ni nini?" aliuliza Kiptanui, mkuu wa walinzi, ambaye alikuwa amekunywa chai katika nyumba hiyo zaidi ya mara moja.

"Hao ni watu wangu," Joab akajibu.

Angefikiri mwaka mzima asingepata jibu baya kuliko hilo. Alilisema kwa sababu ndilo lililokuwa la kweli, na kwa sababu hakuwahi kulazimika kumweleza mtu yeyote habari za watu hao.

Ukweli ni huu. Joab alikuwa anapanga riwaya. Si riwaya moja, ambayo mwalimu yeyote anaweza kuipanga wakati wa likizo, bali riwaya tisa mfululizo, zenye watu walewale, wakizaliwa, wakioana, wakikosana, wakihama na kurudi, katika kambi ya wachuma chai iliyofanana sana na kambi aliyokaa yeye. Alikuwa amezipanga kwa miaka kumi na moja. Na kwa kuwa kazi aliyoijua ni ukarani, alizipanga kikarani. Kila mhusika alipewa namba. Kila ukurasa wa rejista, ambao kampuni iliuchapisha kwa ajili ya mwezi mmoja, ukawa riwaya moja, na kila safu ya siku ikawa sura. Mhusika akiwemo katika sura anawekewa tiki; asipokuwemo anawekewa sifuri; akiugua, herufi M; akiwa na likizo ya uzazi, herufi U. Kwa hiyo riwaya ya kwanza ilikuwa na sura thelathini na moja kwa sababu Januari ina siku thelathini na moja, na ya pili sura ishirini na nane kwa sababu ni Februari. Joab hakuona ajabu yoyote hapo. Alimwonea huruma kidogo tu Benard, namba tisa, ambaye mambo yake yalibanwa sana katika riwaya ya pili.

Msimcheke bado. Joab alikuja hapa Konoin akiwa na miaka kumi na tisa, kutoka Nyakach kando ya ziwa, akimfuata mjomba wake, akachuma kwa kikapu miaka minne. Siku moja nyapara alimkuta akimwandikia mwenzake barua ya kuomba ruhusa ya kwenda matangani, akaichukua ile barua, akaisoma mara mbili, na mwezi uliofuata Joab akawa karani. Tangu hapo kila asubuhi alisimama mbele ya watu mia mbili na kumi, akaita namba na jina, na kila mmoja akaitikia "niko". Kisha zikaja mashine za kuchuma. Kila mwezi majina kadhaa yakafutwa. Mtu umemwita kila asubuhi kwa miaka kumi, unaijua sauti yake ya siku ya mafua na sauti yake ya siku ya mshahara, halafu siku moja unaruka namba yake unakwenda inayofuata, na kabla ya jioni nyumba yake imetiwa kufuli jipya. Walikokwenda, nani ajuaye. Fulani alisemekana yuko Litein anauza mitumba, fulani amerudi kwao. Katika wale mia mbili na kumi wakabaki themanini. Jambo hilo lilimuuma Joab kuliko alivyoweza kumwambia mtu, akaamua kwamba katika vitabu vyake hakuna atakayetoweka hivyo. Mhusika akikosekana sura moja, lazima ijulikane yuko wapi, na lazima arudi.

Aliyempenda kuliko wote ni Loice, namba kumi na saba, mchuma chai asiyeogopa mtu. Katika sura ya kumi na mbili ya riwaya ya pili, Loice anamwacha mume wake Benard na kuteremka Chebunyo kwa dada yake kufuga mbuzi. Riwaya ya tatu na ya nne ana sifuri tupu. Katika riwaya ya tano, sura ya sita, siku ya mvua ya mawe, anarudi. Joab alikuwa ameipangia siku hiyo ya kurudi kwa miaka mingi, hata mvua ya mawe ikinyesha kweli na kuharibu chai, watu wengine wakilia, yeye alitazama juu akimfikiria Loice anavyopanda kilima na mzigo kichwani.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho. Hakuwa ameandika hata ukurasa mmoja wa riwaya yenyewe. Alitaka kwanza kila mtu awe mahali pake.

Na mkewe Jerusa hakujua lolote. Hapa ndipo Joab alipojichimbia shimo. Miaka kumi na moja nyuma alikuwa na daftari la kwanza, la kurasa mia mbili, lenye mwanzo wa mpango huo, akaliacha juu ya kabati. Jerusa alikuwa anauza mandazi dirishani. Joab aliporudi kazini alikutana njiani na mchuma chai mmoja anakula, na karatasi iliyoshika mandazi ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe, mafuta yamepenya hadi maneno ya upande wa pili yanasomeka. Hakumwambia mkewe kitu. Alipofika nyumbani daftari lilikuwa limebaki jalada. Kesho yake alichukua rejista tupu kutoka stoo ya ofisi, akaiweka mezani, akasema, "Hii ni kazi ya kampuni. Isiguswe."

Haikuguswa. Jerusa alikuwa mtu wa kuheshimu kazi. Kila jioni baada ya kula, Joab akifungua rejista, yeye aliwaambia watoto wanyamaze, baba anafanya kazi ya kampuni. Ndiyo maana Kiptanui alipomgeukia Jumanne hiyo na kumuuliza, alijibu bila kusita, tena kwa fahari.

"Mama Maxine, hii kitabu unaijua?"

"Naijua. Ni ya kampuni. Baba Maxine anaifanyia kazi kila jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu Clifford akiwa wa kubebwa. Hata mngemtafutia mtu wa kumsaidia, hiyo kazi ni mingi."

Kiptanui akaandika yote, Jerusa akatia sahihi. Joab alisimama pale pale mlangoni, akimtazama mke wake akimfunga kwa maneno aliyomfundisha yeye mwenyewe.

Walimpa barua kabla ya saa sita. Asifike kazini. Ijumaa saa mbili afike ofisini, aeleze watu hao ni akina nani. Asipoweza kuonyesha kwamba hawako kwenye mshahara wa kampuni kwa majina mengine, kazi imekwisha, nyumba ni ya kuhamwa ndani ya siku saba, na jalada linakwenda polisi. Rejista waliibeba.

Jerusa alikuwa anakanda unga alipoambiwa. Binti yao Maxine, wa kidato cha tatu, alikuwa shuleni, na mdogo wake Clifford pia, kwa hiyo walikuwa wawili tu.

"Mama Maxine, ile rejista si ya kampuni."

"Ni ya nani?"

"Ni yangu. Ni hadithi. Napanga vitabu, riwaya tisa. Wale watu ni wa kutunga."

Jerusa alimsubiri acheke. Joab hakucheka.

"Ati wa kutunga?"

"Hawako. Niliwatoa kichwani."

Mikono ilibaki ndani ya unga. "Miaka kumi na moja," akasema polepole, kama anayejaribu uzito wa kitu. "Miaka kumi na moja nanyamazisha watoto. Baba Maxine, Clifford amejua kuongea kwa kunong'ona! Mwalimu wake aliniita shule akaniuliza huyu mtoto ana shida gani ya koo. Nikamwambia hana shida, baba yake ana kazi ya kampuni. Nimerudisha wamama wa kanisa hapo mlangoni na Biblia zao mkononi, nikawaambia wakuje kesho. Yawa! Kumbe ni kwa sababu ya watu hawako?"

"Ulifungia mandazi," Joab akasema.

"Nini?"

"Daftari yangu ya kwanza. Ulichana ukafungia mandazi."

"Kwani uliniambia ni yako? Nilikuta daftari imejaa, nikajua ni ya kazi imeisha. Si ungesema neno moja tu: 'Jerusa, hiyo acha.' Ningefungia na gazeti!" Sasa alikuwa analia, na kwa kuwa mikono ilikuwa na unga alijifuta kwa bega. "Neno moja. Umekaa na hiyo maneno ya mandazi miaka kumi na moja, na unakula kwa hii mikono kila siku."

Joab aliitazama mikono hiyo.

Kisha Jerusa akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mimi niko namba ngapi?"

"Hauko," Joab akasema.

Jerusa akarudia kukanda unga wake.

Jumatano mwakilishi wa chama cha wafanyakazi alipita kumwona. Alikuwa mtu wa moyo mzuri na alimwamini, au alitaka kumwamini. "Wewe karani leta hata kurasa mbili za hiyo hadithi," alimwambia. "Hata moja. Wakisoma wataona wenyewe ni hadithi. Si umeandika miaka yote hiyo?"

"Nimepanga," Joab akasema.

"Basi leta hiyo umepanga ukiwa umeandika."

Alinunua daftari jipya, akakaa mezani mchana kweupe, akaandika: Loice alifungua mlango, akasema. Kalamu ikasimama hapo. Akasema nini? Alijua Loice alikuwa wapi katika kila sura ya riwaya tisa. Alijua siku aliyougua, siku aliyojifungua, siku aliyomzika mama mkwe. Alichana ukurasa, akaanza tena. Loice aliingia, akasema. Alijaribu kwa Bilhah, namba nne, mkunga wa kambi, kwamba labda huyo, kwa kuwa ni mzee, ataongea. Bilhah aliketi, akasema. Hakuna. Akamgeukia mzee Chepyegon, namba ishirini na mbili, mlinzi wa ghala, ambaye alikuwamo katika sura zote bila kukosa hata moja, akakuta hajui hata kama mzee huyo akikohoa anakohoa vipi.

Ndipo hofu ya kweli ikamshika. Si hofu ya Ijumaa, hii ilikuwa nyingine na ilikuwa mbaya zaidi. Kwa miaka yote aliyosimama mbele ya watu asubuhi, alichosikia kutoka kwao ni neno moja, "niko", na alipowatunga wake aliwapa neno hilo hilo. Aliwaita, wakaitika, akaweka tiki. Hakuwahi kuwauliza zaidi.

Na dirishani, hatua tatu kutoka mezani, Jerusa alikuwa anamsuta mteja aliyelalamika kwamba mandazi yamekuwa madogo. "Mandazi haijapungua, mama, ni mdomo yako imezoea ya harusi. Weka chini nimpe mtu ana njaa." Mteja akacheka, akanunua manne. Maneno ambayo mwandishi yeyote mwenye akili angeyaandika papo hapo. Joab aliziba masikio kwa vidole ili awasikie wahusika wake vizuri.

Alhamisi ilikuwa vivyo hivyo, ila daftari lilikuwa jembamba zaidi. Alifikiria kukimbia. Alijiona akishuka kwenye gari kule Nyakach na magodoro, ndugu zake wakitoka nje kumpokea, wakiuliza kosa lake lilikuwa nini, naye akieleza kwamba alifukuzwa kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Alifikiria hata kukubali tu kwamba ni mwizi, kwa sababu mwizi anaeleweka. Jioni watoto walikula bila kusema neno, kwa mazoea. Jerusa alimwekea chakula, akakaa mbali.

Ijumaa alikwenda mikono mitupu.

Meneja alikaa katikati, mwakilishi wa chama kushoto, na kulia alikaa Sally Chepkemboi, afisa wa wafanyakazi, mwanamke wa Litein asiyepaza sauti kwa mtu. Rejista ilikuwa mbele yake. Jerusa alikuwa ameitwa pia kwa ajili ya yale maelezo aliyotia sahihi. Aliambiwa asubiri kwenye benchi nje, mlango ukiwa wazi.

"Hiyo hadithi iko wapi?" meneja akauliza.

"Bado sijaandika, bwana. Nilikuwa napanga."

"Miaka kumi na moja?"

"Ndiyo, bwana."

Meneja alimtazama mwakilishi wa chama, na mwakilishi akatazama dari.

Sally akafungua rejista. "Namba sita."

"Cheptoo. Anauza maziwa. Ana mtoto mmoja Kericho, hawasikizani."

"Thelathini na moja."

"Monicah. Ni dada mdogo wa Benard. Anakuja kwa riwaya ya tatu tu, kwa sababu ndoa imevunjika."

"Kumi na saba. Amekosekana miezi miwili mizima. Yuko wapi?"

"Chebunyo, madam. Na mbuzi. Atarudi."

Alimuuliza ishirini zaidi, bila mpangilio, naye alijibu kila mmoja kabla hajamaliza kutaja namba. Meneja akaguna, akasema karani yeyote mzuri anaweza kukariri orodha yake ya wizi, na huyu ni karani mzuri. Joab aliona kwamba kadiri anavyowajua ndivyo anavyozama.

Sally alikuwa bado anapekua, akifuata safu kwa kalamu. Akarudi Januari. Akaenda Machi. "Hawa watu," akasema, "hawapumziki Jumapili?"

Meneja akainua kichwa.

"Hakuna hata Jumapili moja ya kupumzika. Miezi tisa. Na tarehe moja Januari pia wako kazini, na Krismasi ndiyo imetoka tu. Bwana meneja, Jumapili mashine imefungwa. Mtu akitaka kulipwa Jumapili lazima wewe mwenyewe utie sahihi. Mwizi angeweka hii angeshikwa wiki ya kwanza, na karani anajua hiyo kuliko sisi."

"Hizo si siku, madam," Joab akasema. "Ni sura." Alikuwa ameishi na sura hizo muda mrefu mno, hata yeye alisahau kwamba kwa wengine zinaitwa siku.

Meneja aliivuta rejista, akaangalia mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akamwita Jerusa ndani, akamsomea maelezo yake, akamuuliza kama bado anasema ni kazi ya kampuni.

Jerusa hakumtazama mumewe. "Hapana," akasema. "Mimi nilisema vile nilijua. Mume wangu alinidanganya."

"Kwa muda gani?"

"Miaka kumi na moja."

Wakamwandikia hivyo kwenye karatasi nyingine, kwamba alidanganywa na mume wake miaka kumi na moja, akatia sahihi mbele ya wanaume wawili na mwanamke mmoja asiowajua vizuri, akatoka, akaketi tena kwenye benchi. Joab alitamani wangemfukuza kazi kabla ya hapo.

"Mimi nakuamini," meneja akasema. "Lakini wakaguzi hawataki kuambiwa meneja anaamini. Wanataka karatasi. Kwa hivyo chukua hii kalamu. Mbele ya kila jina andika: Hayupo, hajawahi kuwapo. Halafu tia sahihi. Majina yote. Kitabu itaenda na wao Nairobi."

"Naweza kuipiga picha kwanza, bwana?"

"Hapana. Rejista ni ya kampuni, na sasa ni ushahidi."

Mtu angesema, si yote yamo kichwani mwake? Yalikuwamo. Lakini Joab alikuwa karani kwa zaidi ya miaka ishirini, na maisha yake yote alijua kwamba kilichotiwa sahihi ndicho kilicho kweli. Alikuwa ameona watu wazima wenye afya wakifutwa kwa mstari mmoja wa kalamu, na baada ya mstari huo walipita mbele ya ofisi kama wageni. Hakuwahi kufikiri siku moja atashika kalamu hiyo juu ya watu wake mwenyewe.

Alianza na namba moja. Hayupo, hajawahi kuwapo. Sahihi. Namba mbili. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote, na hilo lilimuudhi. Alipofika kwa Bilhah mkunga, ambaye aliwazalisha nusu ya wale waliofuata, aliomba maji. Alipewa. Benard. Mapacha wawili wa sura ya mwisho. Alipofika kumi na saba mkono ukasimama.

"Nini?" meneja akauliza.

"Huyu yuko njiani," Joab akasema, na machozi yakamtoka pale mezani, mtu mwenye miaka arobaini na saba, mbele ya watu. "Bado hajafika. Nilimwahidi atarudi."

Hakuna aliyecheka. Sally aligeuza uso dirishani, akatazama chai. Mwakilishi wa chama akasema kwa upole, "Karani, una watoto."

Joab akaandika. Hayupo, hajawahi kuwapo. Akatia sahihi. Baada ya hapo hakusimama tena, akaenda mfululizo hadi arobaini na tatu, kwa sababu mtu akishafanya jambo kama hilo yanayobaki ni kazi tu.

Alirudishiwa kazi. Nyumba ikabaki yake. Yule karani aliyewaandika wale wafanyakazi hewa wanne alipatikana baadaye, na habari zake hazituhusu.

Walirudi nyumbani wakifuatana, Jerusa mbele. Jioni hiyo, baada ya kula, meza ilikuwa tupu. Maxine na Clifford walikaa wima na mikono mapajani, wakingoja baba afungue kitu.

"Ongeeni," Jerusa akawaambia. "Baba yenu hana kazi. Ongeeni sasa."

Watoto walitazamana. Clifford alifungua mdomo, akaufunga. Maxine akasema, "Tuseme nini, Mama?" na akasema kwa kunong'ona. Walikaa hivyo mpaka ikawa wakati wa kulala, watu wanne mezani. Joab aliwatazama mmoja mmoja, akagundua kwamba hata hawa hakujua wangesema nini.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukungu. Watu themanini walisimama kwenye mistari yao na mifuko ya kuchumia mgongoni, na Joab alisimama mbele yao na mashine yake mkononi, akaanza kuita. Aliita kwa macho ya mbali, bila kusoma, kama alivyoita kwa miaka mingi. Kumi na nne. Niko. Kumi na tano. Niko. Kumi na sita. Niko.

"Kumi na saba," akaita. "Loice."

Namba kumi na saba halisi alikuwa Rebeccah, mama wa Boito mwenye mdomo mwepesi, amesimama mstari wa pili. Kambi yote ilikuwa imeshapata habari za ofisini. Habari kama hizo hazilali. Rebeccah alingoja kidogo, akawaangalia wenzake, kisha akaitikia kwa sauti ya kufika hadi mstari wa mwisho:

"Hayupo, karani! Si ulisaini mwenyewe?"

Watu themanini wakaangua kicheko. Walicheka bila ubaya, wakishikana mabega, wakifuta macho, na Kiptanui kule langoni akacheka pia. Joab alingoja wanyamaze. Akatazama njia inayopanda kutoka bondeni. Haikuwa na mtu.

"Rebeccah," akaita.

"Niko."

Akabonyeza mashine, akaenda kumi na nane.